Mtu wa Aluminiamu

Biryogo, Kigali
17 Februari 1991

Kwako Mjomba Ramadhani Nduwayo,

Shikamoo. Anayekuandikia ni Yasmina, binti wa dada yako Mukashema. Tulia kwanza, hakuna aliyekufa. Najua barua ya mtu usiyemjua husomwa kwa kutafuta jina la marehemu, kwa hiyo nakuondolea hofu mapema. Mama yu mzima, anashona, anagombana na cherehani asubuhi na wateja jioni. Mimi pia mzima, namsaidia dukani tangu Baba alipofariki. Kadi yako ya rambirambi ilifika wakati ule. Kadi zako za Idi nazo hufika kila mwaka. Mama huzisimamisha juu ya kabati na kuzipangusa vumbi. Anwani yako nimeiiba huko.

Habari za hapa: vita viko kaskazini, barabara ya Uganda imefungwa, na malori yote sasa yanapita Rusumo, mpakani na Tanzania. Mengine hayafai karatasi. Nilikuwa niolewe mwezi wa Desemba, tukaahirisha. Mchumba wangu ni fundi wa redio, jina lake Munyaneza. Tangu Oktoba hayupo nyumbani, na alikopelekwa usiniulize.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, nimepata shilingi tano yenye pembe kumi!

Juzi nilikwenda Gikondo kumpelekea dereva mmoja, Habumugisha, suruali zake tulizomshonea. Nikamkuta kwenye kibanda cha chai cha Mama Nyirarukundo, pale madereva wanaposubiri mizigo itoke forodhani. Nyirarukundo ana kopo la maziwa anamotupia sarafu za kigeni ambazo madereva humwachia kwa ujanja. “Iko ya nchi zote,” akaniambia, “lakini haiko inanunua hata sukari.” Nikaingiza mkono kwa mchezo tu. Kikaja kitu kina kona kona! Upande mmoja kichwa cha Rais wenu wa kwanza, upande wa pili mazao ya shamba, na tena miaka miwili, 1961 na 1971. Sarafu gani inazaliwa mara mbili? Nimelala nayo chini ya mto, usinicheke.

Nyirarukundo aliponiona ninavyoigeuzageuza akasema, “Damu haipotei. Mjomba wako naye alikuwa na wazimu ya vyuma hivi.” Nikakimbia nyumbani kumwuliza Mama. Akaitazama, akarudisha macho kwenye kitambaa, akasema, “Muulize mtu wa aluminiamu.”

Ndivyo anavyokuita, Mjomba. Jina lako sijawahi kulisikia kinywani mwake. Basi nakuuliza mawili: hii sarafu ina nini, na aluminiamu ni ya nini?

Habumugisha ataiacha barua hii Nzega kwa mtu wake, naye ataituma Tabora kwa basi.

Mpwa wako,
Yasmina

———

Tabora
20 Machi 1991

Mpwa wangu Yasmina,

Marahaba, marahaba, marahaba! Moja ni ya leo, nyingine ni za miaka yote uliyokuwa unakua bila mimi kukuona. Barua yako ililala Nzega kwenye hoteli, nadhani chini ya sahani za dagaa, imefika inanukia mchuzi. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Mke wangu, Bi Tausi, akadhani nimeshinda bahati nasibu. Anakusalimu, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Tuko katika mfungo, tumbo tupu, lakini leo sikusikia njaa hata kidogo.

Umeniuliza sarafu ina nini. Ee binti, umemuuliza mlevi njia ya kilabuni!

Mimi nilikuwa karani wa tiketi stesheni ya hapa mpaka nilipostaafu. Pesa za nchi nzima zilipita dirishani kwangu. Wenzangu walitazama sura za wasafiri, mimi nilitazama viganja vyao. Sasa shika hili. Kuna sarafu za kumbukumbu zinazozaliwa ndani ya kisanduku cha mahameli na kufia humo, hazijanunua hata kitumbua. Hizo ni za mabalozi. Mimi natafuta zile zinazotoka benki na jambo la kutangaza, kisha zikaachiwa zitembee. Zinunue chumvi, zilipe nauli, zimezwe na watoto na kutoka tena. Gazeti husomwa na aliyekwenda shule, ila sarafu huisoma hata bibi asiyeona, kwa kidole chake.

Hiyo yako ilitolewa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, ndiyo maana ina miaka miwili. Na mazao? Hapo ndipo utamu ulipo. Mwishoni mwa miaka ya sitini, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lile la FAO lenye makao Roma, liliziomba nchi ziweke kilimo kwenye pesa zao, ili kila anayelipa na anayelipwa akumbuke kwamba kuna watu wana njaa. Uganda ikatoa shilingi tano ya mwaka 1968, ya pembe saba, ina ng'ombe na ndama wake. Burundi ikatoa faranga kumi mwaka huo huo. Sisi tukaja na hiyo ya pembe kumi. Na nyinyi Rwanda, mwaka 1970, mkatoa faranga mbili, nyepesi kama ganda la karanga, ina mtu na nafaka yake na maneno ya Kifaransa yanayosema tuongeze mazao. Majirani wanne, neno moja! Serikali zao zilikuwa haziamkiani vizuri, lakini sarafu zao zilikuwa zinazungumza lugha moja mifukoni mwa madereva.

Ninayo ya Tanzania, ninayo ya Burundi. Ng'ombe wa Uganda namtafuta tangu nikiwa na nywele. Ya Rwanda sina. Hebu ingiza tena mkono kwenye kopo hilo, mpaka kwapani.

Kuhusu jina analoniita dada yangu, mpe salamu zangu.

Mjomba wako,
Ramadhani

———

Biryogo, Kigali
28 Aprili 1991

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Tulipika pilau, majirani wakaja, Wakristo kwa Waislamu. Mama alisimamisha kadi yako mpya mbele ya zile za zamani. Na habari kubwa ya nyumbani: Munyaneza amerudi. Amekonda, anashtuka mlango ukigongwa, lakini anacheka, na jana ametengeneza redio ya imamu bila kutoza kitu. Hayo yanatosha.

Mjomba, kaa kitini. Shika kitu.

NIMEMPATA NG'OMBE!

Nilikwenda Gikondo nikamwambia Nyirarukundo amwage kopo lote mezani. Akakataa, akasema atapoteza wateja. Nikamwambia nitamshonea aproni mbili. Akamwaga! Madereva wakasogea na vikombe vyao, kila mtu akawa mtaalamu. “Hii iko ya Zaire.” “Hapana, angalia simba, hii ni ya zamani, wakati Rwanda na Burundi walikuwa na pesa moja.” Kweli, Mjomba, simba yumo, na majina ya nchi mbili kwenye duara moja. Nilikuwa sijui kama tuliwahi kula kwenye mfuko mmoja. Wakaanza kubishana ni mwaka gani tuliachana, chai ikapoa, Nyirarukundo akatutukana sote kwa Kinyarwanda. Na katikati ya matusi nikaona kona. Nikahesabu pembe: saba! Nikaigeuza, ng'ombe amesimama na ndama wake, wametulia kama wako malishoni Nyagatare. Nilipiga kelele mpaka fundi wa gereji ya jirani akaja na spana akidhani nimeibiwa.

Nimeishona ndani ya mfuko wa hii suruali ninayokutumia. Ipasue taratibu.

Lakini ya kwetu, ile ya faranga mbili, haipo. Hata kwenye kopo la nchi zote, ya nyumbani haimo! Nimeuliza sokoni, nimeuliza msikitini, nimeuliza kwa wanaoyeyusha vyuma Gikondo. Wale wakacheka. “Aluminiamu? Tulishapika nayo.” Wanasema walizitupa kwenye tanuri pamoja na vipuri vya magari, zikawa sufuria. Labda ugali wa jana tumeupikia kwenye mashairi yako ya Roma.

Na hapo ndipo ninapouliza, Mjomba, bila kukukosea adabu. Nyirarukundo anasema mwaka 1970 ulikuwa bado unaishi hapa Kigali. Sarafu hizo zilikuwa kila mahali. Mtu anayetafuta ng'ombe wa Uganda miaka yote hiyo, aliwezaje kuondoka nyumbani kwao bila hata moja ya kwao?

Yasmina

———

Tabora
9 Juni 1991

Mpwa wangu, jicho langu,

Ng'ombe amefika! Nimemlaza kwenye pamba, nikamtoa, nikamlaza tena. Nimewaita wazee wenzangu wa stesheni, nimewanywesha kahawa, nimewahutubia. Mmoja akasema ni shilingi tano tu. Nimemfuta kwenye orodha ya marafiki hadi Idi ijayo. Bi Tausi anasema kama ningempenda yeye hivyo tungekuwa na watoto kumi na wawili. Suruali imenibana, lakini naivaa.

Nakushukuru pia kwa habari za Munyaneza. Nimeelewa uliyoandika na usiyoandika. Mungu amzidishie.

Sasa umenibana kwenye kona, na mimi si mtu wa kukimbia swali mara mbili. Nitakueleza, nawe utaamua nani alimkosea nani.

Mama yako aliolewa Desemba 1970. Baba na mama yetu walikuwa wamekwishafariki, tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Nilikuwa karani dukani kwa Mhindi mmoja mjini. Faranga mbili zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka. Mpya, Yasmina! Zinang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Mshahara wangu wa mwezi mzima nikaugeuza faranga mbili, mfuko ukajaa. Ukafika wakati wa kumtunza bibi harusi. Watu wa upande wa baba yako wakatangulia, wanambandika noti kwenye paji la uso, noti za karatasi zilizochakaa, moja inanuka samaki. Nami nikafungua mfuko wangu nikammwagia kichwani kama mvua ya mawe! Fikiria. Kila moja imeandikwa na nchi nzima: tuongeze mazao. Mtu anaweza kumwombea bibi harusi dua gani bora kuliko hiyo?

Na dada yangu, dada niliyemlea, akasimama mbele ya watu akasema kwa sauti, “Jamani, kaka yangu ameniletea sufuria, ila imekatwa vipande!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakwe wakacheka, wapiga ngoma wakaacha ngoma ili wacheke vizuri. Nilikuwa nimesimama katikati na mfuko mtupu. Alfajiri nikapanda lori la Rusumo, sikunywa hata chai. Sikubakiza hata faranga mbili moja mfukoni. Ndiyo maana sina.

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa aluminiamu, sawa. Ila niambie wewe unayejua sasa: ilikuwa sufuria?

Mjomba wako,
Ramadhani

———

Biryogo, Kigali
14 Julai 1991

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Shikamoo, sote wazima, salamu kwa Bi Tausi na mapacha wa mbuzi. Leo salamu nimezifupisha kwa sababu nina jambo lisilongoja.

Juzi alikuja mteja, Mama Mukasine, afanyaye kazi wizarani kule Kacyiru. Ameleta koti la buluu ambalo Baba alimshonea zamani, akiwa msichana. Anasema koti ni zima ila vifungo vimechakaa. Unajua vile vifungo vya Baba, vya kufunikwa kwa kitambaa cha nguo yenyewe? Mji mzima ulikuwa unamjua kwavyo. Nikakata kimoja ili nikifunike upya. Kitambaa kilikuwa kimelika ukingoni, na ndani nikaona kitu kinanikonyeza.

Nikachana uzi. Kikaanguka mezani, hakikulia kama chuma, kililia kama ganda. Mtu na nafaka yake. 1970.

Mjomba, ni sarafu zako! Baba aliziokota! Usiku ule wewe uko njiani kwenda Rusumo, yeye alikuwa amepiga magoti ukumbini na suti yake ya harusi akiziokota moja moja. Nimemwuliza Mama akakubali. “Baba yako alikuwa hatupi kitu. Alisema ni nyepesi, haivuti nguo.” Basi akazifunika vitambaa. Koti la Mukasine lina tano. Kanzu za sherehe, magauni ya maharusi, sare za kwaya ya kanisa la Gikondo, makoti ya wakubwa wa wizara. Wewe unataka sarafu zitembee, na zako zimetembea Kigali nzima, zimekwenda ofisini, zimeimba kanisani, zimeolewa! Wenye nguo hawajui mpaka leo. Tangu juzi nikiwa barabarani simwangalii mtu usoni, namwangalia vifungo.

Mama Mukasine nilimwonyesha. Alicheka mpaka machozi, akaninyang'anya nne, akasema anataka zirudi kwenye koti lake zilivyokuwa. Moja amenipa. Ninakutumia hiyo, imeshonwa kwenye kola ya shati hili. Majirani wako wanne wametimia.

Sasa nami nina ombi. Tumepanga harusi, Jumamosi tarehe 9 Novemba. Sina baba, sina babu, upande wa mama ninaye mmoja tu na huyo yuko Tabora anahutubia wazee. Nataka uje. Sitaki zawadi. Nataka watu wa Munyaneza wakiuliza “Mjomba wake yuko wapi?” mtu asimame. Nimekaa miaka ishirini sina wa kumwonyesha.

Nilipomsomea Mama hadithi yako ya ukumbini, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakata uzi kwa meno na kuondoka. Sijui maana yake.

Njoo.

Yasmina

———

Tabora
20 Agosti 1991

Mpwa wangu,

Alhamdulillahi, sarafu imefika na shati limenitosha. Nimeziweka nne kwenye kitambaa cheupe, Tanzania, Burundi, Uganda, Rwanda, nikazitazama hadi Bi Tausi akazima taa makusudi. Ile ya kwenu bado ina alama za uzi wa baba yako pembeni. Sitazifuta. Alikuwa muungwana kuliko nilivyomdhania, na nimesikitika kwamba nalijua hilo leo.

Kuhusu harusi, nimefurahi mno. Lakini goti langu la kulia limekuwa baya, na safari ya lori ni ndefu, na mambo ya mpakani nayo unayasikia. Tena harusi ni ya vijana. Mzee mwenye historia yake akiingia ukumbini, watu watakumbuka kicheko cha zamani, na mimi sitaki kumharibia dada yangu siku ya binti yake. Ninatuma doti mbili za kanga na dua zangu zote. Mwonyeshe Munyaneza kadi zangu za Idi, mwambie mjomba ndiye huyo.

Usinikasirikie.

Ramadhani

———

Biryogo, Kigali
15 Septemba 1991

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Kanga zimefika. Ni nzuri. Nimekasirika.

Barua yako nilimsomea Mama dukani, nikafika kwenye goti. Mjomba, sijawahi kumwona Mama vile. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, gurudumu likiwa bado linazunguka. Nitakuandikia kama alivyosema, kwa maneno yake, maana nikiyanyoosha yataharibika.

“Goti? Goti iko inauma siku ya harusi tu? Miaka ishirini na moja anafikiri mimi nilikasirika juu ya faranga! Ile ilikuwa utani! Kwani bibi harusi hataniwi, na yeye hatanii? Hata mimi nilicheka, baba yako alicheka akakaa chini. Zilikuwa nzuri zile faranga, nilikuwa nazisikia kichwani kama mvua. Nilisema kesho nitamwambia. Kesho nauliza, kaka yangu iko wapi? Wananiambia amepanda lori.”

Nikadhani amemaliza. Alikuwa hajaanza.

“Halafu siku ya gutwikurura ikafika.”

Umekaa Tabora muda mrefu, Mjomba, labda umesahau mambo ya huku. Bibi harusi akiolewa anakaa ndani, amejitanda, haonekani, hapiki, hatoki mlangoni. Mpaka watu wa kwao waje na vikapu vya chakula wamfunue. Hapo ndipo anakuwa mke mwenye nyumba yake. Watu wa kwao, si wengine. Na yeye watu wa kwao alikuwa ni wewe.

“Watu ya bwana wako tayari,” Mama akasema, “chakula iko tayari, mimi nimekaa chumbani na kitambaa kichwani. Nasikia lori barabarani, nasema ni yeye. Nasikia hodi, nasema ni yeye. Jua linashuka. Mama mkwe wangu anauliza nje, nasikia kwa masikio yangu, ‘Huyu mtoto hana watu?’ Nyirarukundo alikuwa msichana wa jirani tu, hata hatujuani vizuri. Akaenda kwao, akachukua kikapu na maharagwe ya mama yake, akaingia, akasema, ‘Mimi ni mtu wa kwao.’ Yeye ndiye alinifunua. Mtu wa kuuza chai. Kaka yangu alikuwa Tabora anakusanya sarafu.”

Halafu akalia, Mjomba. Mama yangu huwa halii, hata Baba alipofariki alilia nyuma ya nyumba. Alilia hapo hapo dukani, mteja amesimama na gauni lake mkononi. Nami nikalia. Mteja akaweka gauni chini akalia pia, sijui ya kwake yalikuwa nini.

Alipotulia akajifuta akaniambia, “Chukua kalamu. Mwandikie Ramadhani, harusini asije.”

Usichane barua, endelea kusoma.

“Harusini asije. Harusini kila mtu anakuja, hata asiyealikwa, anafuata pilau. Aje siku ya kumfunua mtoto. Hiyo ndiyo siku ya mtu wa kwao. Na asilete mfuko ya sarafu. Alete kikapu.”

Tumepanga iwe Jumamosi inayofuata harusi. Haya ndiyo niliyotumwa. Ya kwangu ni haya: kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alipokuwa ananiamuru kuandika, alikutaja kwa jina.

Yasmina

———

Tabora
17 Oktoba 1991

Mpwa wangu Yasmina,

Barua yako nimeisoma nikaketi. Bi Tausi akaichukua akanisomea tena, kwa sababu macho yangu yalikataa. Halafu nikasimama, nikatembea mpaka stesheni na kurudi bila kujua nakwenda wapi.

Goti limepona. Lilikuwa goti la uongo, unajua na mama yako anajua.

Miaka yote hii nimekuwa nikijitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyenishitaki. Nimehutubia nusu ya Tabora juu ya faranga mbili, nimewathibitishia watu kwamba haikuwa sufuria. Kumbe hakuna aliyebisha. Siku yenyewe niliyokosa sikuifikiria hata usiku mmoja. Nilijua desturi, sikusahau. Nilijiona mimi ndiye niliyevunjiwa heshima, basi nikaona hakuna anayeningoja.

Sasa sikiliza mipango, maana nina haraka kama kijana. Habumugisha anapita Nzega mwishoni mwa mwezi huu, ameniahidi nafasi ndani ya kabini, si juu ya mizigo. Karatasi za mpakani nimezipata, nilizifuatilia mpaka karani akaanza kuniita baba. Kikapu nimenunua sokoni, kikubwa, kina kifuniko. Kina mchele, kina karanga, kina samli, na asali ya huku Tabora, asali ambayo mkiionja huko mtaacha kuweka sukari kwenye chai. Bi Tausi ameongeza mahindi ya mbegu, anasema nyumba mpya haianzi bila mbegu. Kingine kidogo ni cha Mama Nyirarukundo, nimejaza maharagwe peke yake, yeye ataelewa. Sarafu zangu zote nimezifungia kabatini na ufunguo nimemwachia Bi Tausi.

Harusini sitakuja, nimeambiwa, nitatii. Siku hiyo nitakaa Gikondo nikinywa chai, na ngoma nitazisikia kwa mbali kama zitafika.

Lakini nitawasili Kigali kabla ya harusi yako, na nina kazi ya kufanya kwanza. Mwambie dada yangu akisikia lori asitoke nje kunipokea. Wewe mfungie mlango. Akae chumbani, ajitande kitambaa kichwani, asipike, asishone. Nitabisha hodi. Akiuliza nani, nitamjibu ni mtu wa kwao. Nitaingia na kikapu nimfunue yeye, ndipo siku yako ikifika tuje sote wawili tukufunue wewe.

Mjomba wako,
Ramadhani Nduwayo